Fuata mpira wa kijani: The World Ends with You kwa mtu wa mkono wa kushoto

Natumia mkono wa kushoto, na nimeshazoea vitu vilivyotengenezwa bila kunifikiria: mikasi, madaftari yenye waya pembeni, na gemu nyingi tu. Kwa hiyo kilichoniteka kwanza kwenye The World Ends with You, gemu ya mashine ya mkononi yenye skrini mbili, hakikuwa hadithi yake wala muziki wake. Ni kwamba mhusika wa skrini ya juu unaweza kumwendesha kwa vitufe vya mishale vya upande wa kushoto, au kwa vitufe vya A, B, X na Y vya upande wa kulia. Maana yake kalamu ya kugusia skrini inabaki kwenye mkono wangu wenyewe. Kuna mtu aliyekaa mezani wakati gemu hii inaundwa akakumbuka kwamba na sisi tupo. Hilo sijalisahau, hata baada ya kuimaliza na kuirudia.

Ni RPG, yaani gemu ya kuongoza mhusika anayekua nguvu kadiri hadithi inavyosonga, ya Nintendo DS, kazi ya Square Enix pamoja na Jupiter. Ilitoka Japani mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikafika Marekani na Ulaya. Unacheza kama Neku Sakuraba, kijana wa miaka 15 anayeziba masikio kwa hedifoni asisikie la mtu yeyote. Anazinduka katikati ya makutano makubwa ya Shibuya, Tokyo, akiwa na beji nyeusi yenye fuvu, na watu wanampita kama hayupo. Ujumbe unaingia kwenye simu yake: fika jengo la 104 ndani ya dakika 60, ukishindwa unafutwa. Saa imechorwa kwenye kiganja chake na tayari inahesabu kurudi nyuma. Anakimbia, viumbe wanaoitwa Noise wanamfukuza, anafika kwenye sanamu ya mbwa Hachiko, na hapo msichana aitwaye Shiki anafunga naye mkataba. Bila mwenza hakuna kupigana kwenye Mchezo huu. Hadithi naiacha hapo hapo, maana anayeifikia bila kujua lolote ana bahati ambayo mimi siwezi kuipata tena.

Ila hilo la mwenza lishike, kwa sababu wengi hulichukulia kama jambo la hadithi tu, kumbe ndilo kanuni ya vita yenyewe.

Vita vinapoanza, Neku yuko skrini ya chini na mwenza yuko skrini ya juu, na adui mmoja yuleyule yupo kote kuwili. Ukimpiga chini anaumia na juu. Ninyi nanyi uhai wenu ni mmoja: mwenza akichapwa, Neku anapungukiwa. Chini unatumia kalamu. Juu unabonyeza vitufe kufuata njia za mishale zinazogawanyika kama matawi, na mwisho wa kila tawi kuna kadi. Kwa Shiki kadi zina alama, duara, nyota, mawimbi na kadhalika. Mchezo unakwenda kwa wiki tatu, na mwenza anabadilika: kwa Joshua, wa wiki ya pili, ni namba. Beat wa wiki ya tatu anatumia karata. Ukizipatia kadi unakusanya nyota, na nyota zikitosha mnapiga pigo moja la pamoja linalotikisa skrini zote mbili.

Sasa hebu fikiria unayafanya hayo yote kwa mara ya kwanza. Usiku wa kwanza nilicheza kama wanavyocheza wengi: nilitazama chini kwa Neku, na kidole gumba cha mkono wa kulia kikabonyeza chochote. Usiku wa pili nikasema nitatazama juu na chini kwa zamu, kila sekunde moja. Kichwa kikauma na nikapigwa vilevile. Nilipofika kwa Higashizawa, bosi wa wiki ya kwanza, jamaa mnene anayezungumzia kila kitu kama chakula, nilikwama kabisa. Ukishindwa, gemu inakuuliza kwa upole kama ungependa kurudia kwa kiwango rahisi. Sikutaka.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kuliani kwangu, ametulia, anatazama. Ana miaka 12 na huwa hasemi sana. Nikashindwa mara ya nne au ya tano, ndipo akaniuliza, "Dada, kwani hicho cha kijani kinachopanda huku juu, mbona kila kikija unakiacha?"

Cha kijani kipi? Nikaanza upya nikiwa nakitafuta. Kweli, kuna mwanga wa kijani, mfano wa mpira mdogo, unaomzunguka mmoja wenu. Maelezo yake nilikuwa nimeyasoma siku ya kwanza na yakapita. Aliye na mpira anapiga kwa nguvu zaidi. Akikamilisha mfululizo wa mapigo, mpira unamtoka na kuruka kwenda kwa mwenzake wa skrini nyingine. Na mwenzake akikamilisha wa kwake kabla mwanga haujazimika, unarudi, na kila unapovuka skrini nguvu inazidishwa tena. Ukiuacha ufe, mnaanza upya.

"Leta nibonyeze mimi," akasema.

Basi tukakaa bega kwa bega, mashine moja kati yetu. Mimi nimeshika kalamu kwa kushoto, yeye amepitisha mkono wake na kuweka kidole gumba kwenye vitufe vya kulia. Mpira ukishuka ananiambia, "Wako!" Nakata adui, napiga pigo la mwisho, mpira unapaa, namwambia, "Wako!" Mwanzoni tulikuwa tunachelewa. Baadaye sauti zikaanza kupokezana kama watoto wawili wanaoruka kamba: wako, wako, wako. Namba za mapigo zilikuwa zinakua mbele ya macho yetu. Higashizawa akaanguka, na mdogo wangu akainuka akaenda kulala bila kusema kitu, ila alikuwa anatabasamu.

Nikabaki peke yangu nikajaribu kwa mikono yangu miwili, nikinong'ona "wako" kila mpira ulipovuka. Ikawezekana. Hapo ndipo nilipoelewa ninachotaka kumwambia kila anayeanza gemu hii: usijaribu kutazama skrini mbili. Tazama mpira. Ukiwa chini, macho yako chini, na huku juu vidole vitulie. Ukiwa juu, macho yafuate juu, na kule chini kazi ya kalamu ni moja tu, kumvuta Neku asiguswe. Gemu haikuombi ugawe akili vipande viwili. Inakuomba uipeleke yote kule inakohitajika, kisha uirudishe. Ukishaushika mdundo huo, vita vilivyoonekana fujo tupu vinageuka kuwa kitu chenye mpangilio kama ngoma.

Kwa wasiotaka, ukiviacha vitufe mwenza anapigana mwenyewe, na kwenye mipangilio unaweza kuchagua achukue usukani baada ya muda gani. Siku mbili tatu za mwanzo itumie, si dhambi. Zaidi ya hapo utakuwa umeishika nusu ya gemu na nusu umeiachia mashine.

Tuje kwenye beji, maana ndizo silaha zako. Kila beji ina namna yake ya kuamshwa kwa kalamu. Moja inataka ukate mstari juu ya adui, na Neku anamrukia. Nyingine unagonga mahali patupu, risasi za mwanga zinatoka. Kuna ya kuburuta kalamu chini ukaacha njia ya moto, ya kuchora duara, ya kukwaruza skrini mpaka ardhi itetemeke, ya kunyanyua gari lililoegeshwa na kumbamiza nalo adui. Kuna hata za kupuliza au kupiga kelele kwenye maikrofoni. Beji ikiisha nguvu inapumzika sekunde kadhaa, kisha inarudi. Unaanza na nafasi mbili za beji, mwishoni zinafika sita.

Nimejifunza kwa maumivu kwamba beji nzuri sita si kundi zuri la beji. Kundi langu la kwanza lilikuwa na ya moto wa kuburuta na ya kukata, na kalamu yangu ilipogusa skrini gemu haikujua nataka ipi. Nakusudia kukata, unatoka moto. Nakusudia kumkwepesha Neku kwa kumvuta pembeni, anaishia kushambulia. Dawa ni mbili. Kwanza, chagua beji ambazo miondoko yake haifanani hata kidogo: moja ya kugonga, moja ya kukata, moja ya kuburuta, basi. Pili, kuna nafasi ya pembeni ambapo beji haisikii kalamu mpaka ushikilie kitufe cha L au R. Mimi kalamu iko kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaoshika mashine na kidole cha shahada kinakaa juu ya R tayari. Moto nimeuweka huko. Tangu siku hiyo hakuna kugombana.

Sasa kuna jambo ambalo nadhani hakuna RPG nyingine niliyocheza iliyolithubutu. Beji zinakua kwa pointi, na pointi ni za aina tatu. Za kwanza unazipata kwa kupigana, kama kawaida. Za pili unazipata kwa kuzima gemu. Ndiyo, kwa kuizima na kwenda zako. Ukirudi inahesabu muda uliokuwa haupo, hadi siku 7, na kuzigawia beji ulizokuwa umezivaa. Za tatu unazipata kwa kuwasha mawasiliano yasiyo na waya na kukutana na DS za watu wengine, hata wale wanaocheza gemu tofauti kabisa. Na aina ya pointi iliyozidi nyingine ndiyo inayoamua beji itabadilika kuwa nini, au kama itabadilika kabisa.

Nilikuwa na kazi nyingi wiki ile. Nikaiweka mashine kwenye droo siku tatu. Nilipoiwasha, kabla ya lolote, gemu ikanionyesha muda uliopita na beji zangu zikipanda moja baada ya nyingine, na mojawapo ikageuka kuwa mpya mbele yangu. Nilikaa nikiitazama ile skrini. Nimezoea gemu zinazonifanya nijione nimekosea nikiziacha, zenye zawadi ya kila siku inayopotea usipoingia. Hii ilinilipa kwa kuwa na maisha. Mtu aliyechoka, mwenye shule au kazi au mtoto, anatendewa haki hapa.

Upande wake mchungu ni kwamba gemu haikwambii wazi beji ipi inataka pointi gani. Nilikuwa na moja niliyoipenda nikapigana nayo kutwa kucha mpaka ikafika kileleni, na haikubadilika. Ilihitaji pointi za aina nyingine, na kwa bidii yangu mwenyewe nilikuwa nimeufunga mlango. Hakuna kurudi nyuma. Nilitafuta nyingine kama hiyo nikaanza mwanzo. Na zile pointi za kukutana na watu zinaumiza ukiwa hujazungukwa na wenye DS. Njia iliyobaki ni kuwasha ule mfumo, kuuacha ukisubiri, na mara mojamoja gemu inakuletea kiumbe wa anga za mbali anayehesabika kama mtu uliyekutana naye. Inasaidia, ila ni polepole mno, na hapa naona waundaji walifikiria mitaa ya Shibuya iliyojaa watu na wakatusahau tunaocheza peke yetu chumbani.

Leveli nazo zina mtindo wake. Kupanda leveli kunakuongezea uhai tu, nguvu ya kupiga inatoka kwenye beji, mavazi na chakula. Na wakati wowote unaweza kuishusha leveli yako mwenyewe, kwa kuvuta tu alama pale kwenye menyu. Kila leveli unayoishusha inaongeza uwezekano wa adui kudondosha beji. Asilimia zenyewe zimeandikwa kwenye ripoti ya kila Noise, hakuna kubahatisha. Beji ambayo kwa leveli kamili ungeiota tu, ukijishusha leveli 20 inaanza kuonekana ya kawaida. Unaweza pia kuunganisha vita, ukagusa Noise kadhaa kwa mpigo na kupigana nao mfululizo bila kupumua, na uwezekano unazidishwa tena. Hakuna vita vya kushtukiziwa: ni wewe unayefungua macho kwa ile beji ya fuvu, ukawaona Noise wanaelea kati ya watu pamoja na mawazo ya wapita njia, ukachagua nani umguse.

Matokeo yake ni kwamba ugumu wa gemu uko mkononi mwako, na kila hatari unayojitwika ina malipo yanayoonekana. Siku moja nilishuka hadi leveli ya chini sana nikaunganisha vita vitatu. Cha tatu nilikimaliza uhai ukiwa uzi mwembamba, mpira wa kijani ukiwa kwa Shiki. Beji niliyoiwinda siku mbili ikaanguka. Nilipiga kelele mpaka mdogo wangu akachungulia mlangoni.

Mavazi nitayapita haraka. Kuna chapa 13, nyingi zikitokana na wanyama wa mzunguko wa miaka wa Kichina, na paka ameongezwa. Kila mtaa una chapa inayopendwa na inayodharauliwa. Beji za chapa inayoongoza zinapiga zaidi, za mwisho zinanywea. Lakini ukipigana vya kutosha umevaa chapa fulani, mtaa unaanza kuifuata wewe. Vazi halina mvulana wala msichana, lina kiwango cha ujasiri: ukiwa nao, Neku anavaa gauni. Na ukinunua kwa muuzaji yuleyule mnazoeana, anakufungulia uwezo uliojificha kwenye nguo. Kinachochosha ni wale Reaper, wasimamizi wa Mchezo, wenye kofia nyekundu wanaoziba njia na kukutaka uvae chapa fulani ndipo upite. Mara ya kwanza inachekesha, mara ya tano unataka tu kuendelea na hadithi.

Chakula nimekipenda zaidi. Ukila ramen hupati nguvu papo hapo. Inabidi upigane idadi fulani ya vita mpaka kimeng'enywe, ndipo nguvu inaingia na inabaki daima. Na tumbo lina nafasi ya baiti 24 tu kwa siku moja ya kalenda halisi. Huwezi kukaa usiku mmoja ukajishindilia. Tena ni kanuni ileile: kwa leo inatosha, rudi kesho.

Kasoro nyingine? Beji za maikrofoni sizitumii. Chumba kikiwa na watu unaona haya, na kikiwa na feni zinajiamsha zenyewe. Maelezo ya mwanzo ni marefu na yanakuja kwa mafungu, ndiyo maana la mpira lilinipita. Na ule mchezo wa kusukumana kwa beji, Tin Pin, hadithi inaulazimisha kwako kwa muda wakati akili yako iko kwingine.

Kuhusu toleo: ipo Solo Remix ya mwaka 2012 kwa vifaa vya Apple, na Final Remix ya mwaka 2018 kwa Nintendo Switch. Picha zimesafishwa, na kama huna njia nyingine hadithi utaipata. Lakini zote zina skrini moja. Ule upande wa juu haupo, mwenza amesogezwa akakaa pamoja na Neku, na mpira unaovuka kutoka ulimwengu mmoja kwenda mwingine haupo tena kama ulivyokuwa. Kwangu hiyo ndiyo gemu. Itafute ya DS. Inacheza kwenye DS yoyote, DSi, na hata 3DS. Bandika karatasi ya kulinda skrini ya chini kabla hujaanza, kwa sababu utakata, utachora na utakwaruza kwa saa nyingi. Yangu ina alama nyeupe ya nusu duara pale ninapochora kila siku. Na tumia kalamu yenye ncha ngumu, skrini hii inasikia mgandamizo, si joto la kidole.

Mdogo wangu sasa anaianza mwenyewe. Yeye anatumia mkono wa kulia, kwa hiyo amehamia kwenye vitufe vya mishale. Jana alikuwa siku ya pili, anapigwa, macho yanaruka juu na chini. Nilikaa kushotoni kwake nikanyamaza muda mrefu kadiri nilivyoweza. Kisha mpira ukapanda.

"Wako," nikamwambia.